Tulikatwa, hela haikufika

Nilikaa miaka minne kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina nalihifadhi. Kazi yangu ilikuwa kupima ubaridi wa samaki wakishushwa na kuandika kwenye daftari la ubora, na niliipenda jamani, sangara wa leo unamjua kwa macho tu, yanang'aa, matamvua mekundu.

Mambo yalianza na dada mmoja wa kuchuna ngozi, alijifungua akaenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kufuatilia fao la uzazi akaambiwa michango yake iliishia mwaka wa nyuma. Sasa sisi wote tunakatwa asilimia 10 kila mwezi, ipo kwenye slipu, na mwajiri anatakiwa ajazie 10 yake iwe 20 apeleke ndani ya mwezi unaofuata. Tukaenda kuangalia mmoja mmoja, wote vile vile. Mzee wetu wa barafu alikuwa kabakiza miezi michache astaafu, alivyosomewa akakaa kwenye ngazi za ofisi hakuongea kitu mpaka tunaondoka, na miezi hiyo hiyo mkurugenzi kaja na gari jipya analipaki mlangoni kabisa ambapo sisi tunasaini kuingia.

Akatuita kikao. Eti kampuni ni familia na mambo ya familia hayatoki nje. Waliouliza swali siku ile mikataba yao haikuongezwa.

Baada ya hapo kiwanda kiliharibika na siongelei mashine. Watu wakaanza kutoka na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, ndani ya gambuti, maana bondo lina hela kuliko mnofu, na supavaiza anaona kabisa anageuza shingo kwa sababu na yeye kadhulumiwa. Chai ya saa nne tuliyokuwa tunacheka mpaka tunachelewa ikawa kila mtu na kikombe chake, hujui nani anapeleka maneno juu. Wachuna minofu wazuri, wale wenye mkono, wakaondoka wa kwanza.

Na mimi je. Siku moja gari limeharibika njiani, barafu imeyeyuka, samaki wanafika laini ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Meneja akaniambia, "Dada, andika kama jana." Nikaandika. Hilo ndilo linaniuma kuliko hela yangu yote, maana baba yangu alikuwa mvuvi na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu nilimuona anakaa nyumbani, mtumbwi umelala mchangani, sangara hana mnunuzi. Najua daftari likidanganya anayelipa ni nani, na bado niliandika.

Sikulala siku mbili. Nikarudi kwa meneja nikamwambia nataka kurekebisha ule ukurasa, wiki hiyo hiyo nikapewa barua ya kuachishwa. Nilikwenda CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, kabla siku 30 hazijaisha, tukasuluhishwa nikalipwa notisi na likizo, michango ikabaki kuwa ahadi.

Yule mzee siku hizi anauza barafu pale Mwaloni Kirumba. Nikipita namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, halafu kabla hajanipimia ananiuliza kama nimesikia chochote kutoka NSSF.