Jina la biashara umesajili sawa, na lile la kwenye pakiti je?

Kuchele wapendwa. Leo naongelea kitu ambacho huku kusini wengi tunakichukulia kama mambo ya wenye viwanda Dar, kumbe kinamhusu hata mama anayekaanga korosho uani kwake na kufunga pakiti kwa moto wa mshumaa.

Wifi yangu ndo kazi yake hiyo, yupo hapa Mtwara mjini. Ananunua kwa kina mama wabanguaji, anachagua nzima tupu, anakaanga kwa chumvi na pilipili, mwenyewe anasema siri ipo kwenye moto na hapo hakuambii zaidi hata umbembeleze vipi. Pakiti zake za njano, zina mchoro wa bibi wa Kimakonde mwenye chale usoni na ndonya mdomoni, na jina ni la bibi yake mzaa baba. Zimetoka vizuri tu, abiria wa mabasi wanazijua.

Sasa mwezi uliopita konda mmoja anamletea pakiti kainunua stendi ya Lindi anamuuliza, dada siku hizi umeanza kutuuzia vipande? Njano ileile. Bibi yuleyule, ila kageuzwa anatazama upande wa pili. Jina herufi ya mwisho tu ndo imebadilishwa. Ndani korosho zimevunjikavunjika, nyingine zimeungua mpaka chungu. Wifi alicheka kwanza, halafu akakasirika, halafu akaenda kabatini akatoa cheti chake cha BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara, akasema huyu mtu kaisha, mimi nimesajiliwa.

Na hapo ndo pana shida ya watu wengi. Kile cheti kilikuwa cha jina la biashara. Jina la biashara linaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani, linakusaidia benki, TIN, leseni na kadhalika. Haki ya kumzuia mwenzio asibandike jina au nembo yako kwenye bidhaa zake ni mambo ya alama ya biashara, sheria yake ni nyingine (ya mwaka 1986) na ombi lake ni lingine, ingawa yote yanapokelewa BRELA hiyohiyo, ndo maana watu wanachanganya. Bila kusajili alama huwezi kumshtaki mtu kwamba kaivunja. Unabaki na njia ndefu, kumshtaki kwamba anauza mali yake kana kwamba ni yako, na hiyo uthibitishe mwenyewe kwamba jina lilishajengeka, wateja wamechanganywa na umepata hasara.

Tukatafuta wakili. Mi nilidhani ataanza na mwizi, yeye swali la kwanza akauliza huyu bibi kachorwa na nani? Kijana wa steshenari. Mlilipana vipi? Kwa simu. Kuna karatasi yoyote? Hakuna. Akasema basi tuanzie hapo, maana mchoro ni kazi ya sanaa na unalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, kwa hiyo lisiachwe swali la ni wa nani. Akaandika mkataba ukurasa mmoja, kijana anakiri amelipwa na anamwachia wifi haki zote za mchoro, akasaini palepale, na faili lenyewe akalituma. Mi nasema hiyo karatasi peke yake ilitosha kulipia wakili, kwa sababu vita ikianza yule kijana angeweza kufuatwa na upande wa pili.

Halafu akataka ushahidi wa zamani: risiti za kuprinti lebo, meseji za malipo, picha za pakiti zenye tarehe, oda za WhatsApp. Kumbe ile tabia ya kufuta meseji simu ikijaa inatugharimu.

Kwenye ombi lenyewe kuna mambo ambayo ningekuwa mimi nisingeyajua. Bidhaa na huduma zimegawanywa madaraja 45, huandiki tu "korosho" ukaondoka. Zilizokaangwa zipo daraja la 29, ghafi ambazo hazijasindikwa zipo la 31, na kila daraja ni ombi lake na malipo yake. Ukijaza 31 peke yake wakati unauza za pilipili, umelinda ambacho huuzi. Kabla ya kuomba unafanya upekuzi uone kama hakuna aliyetangulia na kitu kinachofanana. Na jina lenyewe liwe la kwako kweli, mambo ya "Korosho Tamu Mtwara" usitegemee kupewa, maana kila muuza korosho ana haki ya kusema zake ni tamu na zinatoka Mtwara. Hapo jina la bibi likamwokoa wifi.

Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida la BRELA, mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili ni miaka 7 ya mwanzo, halafu unahuisha kila baada ya miaka 10. Tena ni wa Tanzania Bara, kama unapeleka mzigo Zanzibar kule wana ofisi yao na sheria yao, unaomba upya.

Kuhusu pesa nisiwadanganye. Kujaza ombi mtandaoni unaweza mwenyewe ukiwa na namba ya NIDA na bando la uhakika, sio lazima umlipe wakili kubofya. Mlipe kwa upekuzi, kuchagua daraja, mikataba na barua, na mwambie aandike bei kabla ya kuanza, wapo wanaokutajia "tutaona mbele" na mbele hukuoni. Msaada wa kisheria wa bure upo, mi mwenyewe nimeona unavyosaidia watu kwenye ardhi na mirathi, kwa hiyo kaulize tu, ila haya ya alama tafuta aliyewahi kuyafanya.

Ile siri ya moto haisajiliwi popote. Inalindwa kwa kufungwa mdomo, na wale mabinti wawili wanaomsaidia kukaanga sasa wamesaini kwamba hawaitoi nje.

Jamaa wa Lindi kapelekewa notisi. Akapiga simu anafoka, kwani hilo jina umelinunua? Siku ya pili akapiga tena kapoa, anaomba amalizie lebo alizokwishaprinti. Wifi ana huruma, alikuwa ashakubali kwa mdomo, mi nikamwambia asithubutu, korosho zilizoungua ziendelee kuuzwa huku bibi yako kachorwa kwenye pakiti? Wakili kasema kama ni kukubali basi iandikwe, lebo ngapi na mwisho tarehe gani, na akipita hapo analipa. Jamaa anasema atakuja Mtwara baada ya Ijumaa kusaini, na lebo zilizobaki aje nazo zihesabiwe mbele ya wakili.