Kobe kwenye Kivuko cha Likoni

Kwenye dashibodi ya Nissan Leaf, gari la umeme, kuna taa ndogo yenye umbo la kobe. Mtu anaweza kuliendesha gari hilo miaka na asiione hata siku moja. Ikiwaka, ujue gari limejipunguzia nguvu lenyewe ili kuilinda betri. Ukanyage upendavyo, litajikokota.

Mwaka 2022 kobe huyo alimtokea dada mmoja muuguzi asubuhi, gari lake likiteremka kwenye feri ya Likoni upande wa kisiwa cha Mombasa, pale ambapo lazima upande kilima ndipo uingie barabarani. Nyuma yake matatu na malori, ubavuni mikokoteni na watu wa miguu wanaowahi kazini. Gari likapanda nusu, likasita. Vijana wa mikokoteni wakaacha mizigo yao wakamsukuma mpaka juu. Siku ya tatu yake, kwenye maegesho ya kazini, halikuwaka kabisa.

Mimi nilikuwa na karakana yangu ndogo Changamwe, kazi yangu umeme wa magari: stata, oltaneta, waya zilizoungua. Magari ya umeme nilikuwa nimeanza kuyasoma mwenyewe, usiku, kwa sababu niliyaona yanaanza kuteremka bandarini na sikutaka siku moja mteja aje nimwambie sijui. Aliyenipigia simu ni babake, mzee aliyestaafu kazi za bandari, ambaye ndiye alimwagizia binti yake gari hilo kutoka Japani. La mwaka 2015, betri ya kilowati-saa 24. Nilimsihi asikubali livutwe kwa kamba. Magurudumu ya mbele yakizunguka, mota nayo huzunguka na kuzalisha umeme, na hapo unaweza kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Akalileta juu ya lori.

Gereji moja ya mjini ilikuwa imekwisha kulipima. Walichomeka kompyuta yao, wakaona orodha ndefu ya hitilafu, wakamwambia betri nzima imekufa. Bei ya nyingine ilikaribia bei aliyonunulia gari lenyewe. Halikutolewa hata nje ya uwanja wao.

"Mwanangu," mzee aliniambia, ameshika kofia yake mkononi, "miujiza siitaki. Nataka uniambie kama kweli limekufa, nikae nikijua."

Nilimwambia, "Mzee, nipe siku chache."

Programu niliyokuwa nayo inaitwa Leaf Spy. Mafundi wa kampuni yenyewe wana yao, CONSULT, lakini hii inakaa kwenye simu. Chini ya usukani kuna soketi ya OBD, ya kusomea hitilafu za gari. Unachomeka kidude cha ELM327 chenye ukubwa wa kiberiti, kinaongea na gari, kisha kinaitumia simu taarifa kwa Bluetooth. Kidude changu cha kwanza, cha rahisi, kilikuwa kinaungana na simu vizuri kisha hakileti kitu. Nakala nyingi za bei ya chini hazielewi amri zote. Cha pili ndicho kilichofungua macho yangu. Kwa mara ya kwanza niliiona betri ya Leaf kwa ndani bila kufungua hata skrubu moja: nguzo 96 zimesimama kwenye kioo cha simu, kila nguzo jozi moja ya seli. Zote zimefungwa mfululizo kama shanga, ndiyo maana pamoja zinafikia volti 360 hivi.

Lakini gari la dada yule kwanza lilinipa misimbo 23 ya hitilafu. Breki, usukani, chaja, kiyoyozi, kila kitu kinalalamika, na mingi ilikuwa U1000, ambayo kwa magari ya Nissan maana yake kompyuta moja haisikii nyingine. Nikaiweka simu chini, nikafungua boneti, nikachukua mita. Betri ndogo ya volti 12 ilikuwa na volti 10.9.

Hapo ndipo ile gereji ilipokosea, na nilisikitika kweli, kwa sababu kosa lenyewe ni la dakika mbili. Gari la umeme nalo lina betri ndogo ya kawaida, na kompyuta zake zote zinaishi kwa hiyo. Ikichoka, zinaanza kupoteana, kila moja inaandika kwamba mwenzake hapatikani. Ni kama ukoo mzima simu zimeisha chaji, kila mtu anadhani mwenzake amekataa kupokea. Ukisoma orodha ile bila kupima betri ndogo, utaona gari lote ni bovu. Niliweka betri mpya, nikafuta misimbo, nikawasha. Gari likaitika. Ukarudi msimbo mmoja tu, wa betri kubwa.

Basi nikajua kobe wa Likoni alikuwa wa kweli.

Nikaitazama betri kubwa. Afya yake ilisomeka asilimia 70, na kwenye dashibodi vilibaki visanduku 9 kati ya 12. Kwa Leaf ya umri ule iliyokaa Mombasa hilo si jambo la kushangaza. Betri yake haipozwi kwa maji wala feni, na joto letu inalimeza lote. Lakini nguzo zote 96 zilikuwa sawa. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ilikuwa milivolti 30. Nikaliendesha mpaka uwanja wa ndege na kurudi, nikalikanyaga, simu imeegemea kioo cha mbele cha gari. Sawa. Nikalichaji usiku, asubuhi nikaenda tena. Sawa. Siku mbili nilizunguka na gari lile na kila jioni nililichomeka kwenye chaja ili kesho nianze vizuri. Siku ya tatu niliketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikitazama zile nguzo zilizonyooka, na nikaanza kufikiri nimwambie mzee aridhike.

Jioni hiyo binti mwenyewe akapita, bado amevaa sare ya kazini.

"Kaka, umeliona?"

"Dada, sijaliona. Namba zote zinaniambia betri ni nzee lakini nzima."

Hakubishana nami. Alifungua mkoba akatoa kijidaftari chenye jalada la bluu, cha kuandikia zamu zake. Nyuma kabisa alikuwa ameandika kila mara kobe alipotokea: tarehe, saa, mahali, na asilimia ya chaji. Kwa muda wa wiki sita alikuwa ametokea mara nne. 33, feri. 28, feri. 31, feri, kiyoyozi kinafanya kazi. 27, daraja la Nyali, tuko watano.

Nilisoma ile safu ya namba mara mbili. Hakuna hata moja iliyozidi 35. Mimi kwa siku mbili sikuwa nimelipima likiwa chini ya 60. Nililishibisha kila usiku, kisha asubuhi naliuliza kama lina njaa.

"Umejuaje kuandika hivi?" nilimuuliza.

"Mgonjwa akisema anaumwa usiku, humpimi mchana ukamwambia ni mzima," alisema. Alisema hivyo kwa upole, anatafuta kalamu iliyoangukia ndani ya mkoba.

Kesho yake sikulichaji. Nililitembeza na kiyoyozi kikifanya kazi mpaka likashuka asilimia 32. Tayari kwenye kioo nguzo moja ilikuwa fupi kuliko nyingine: jozi ya 67. Kwa chaji kubwa ilikuwa inajificha kati ya wenzake. Sasa ilikuwa chini yao kwa milivolti 140. Nikamwomba dada aendeshe, kijana wangu akakaa nyuma pamoja na mifuko miwili ya saruji, mimi mbele na simu mapajani. Tukaipita Miritini, tukaanza kupanda Mazeras nyuma ya malori ya makontena.

"Hapa," nilimwambia. "Kanyaga usiachie."

Sijasahau nilichokiona. Nguzo 95 ziliinama pamoja, taratibu, kama mitende upepo ukipita, kutoka volti 3.7 hadi karibu 3.5. Ile ya 67 haikuinama. Ilianguka. 3.3, 3.0, 2.8, 2.7. Kobe akawaka, gari likapoa chini ya miguu yetu, lori la nyuma likapiga honi. Dada alisogea kando ya barabara akawasha taa za dharura. Kijana wangu alinyoosha kichwa katikati ya viti kuona simu. Mimi nilikuwa nimeshika kioo kwa mikono miwili.

"Ndiyo hiyo?" dada aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Ni moja."

Mwendo wa umeme ni ule ule kwa seli zote zilizofungwa mfululizo. Moja ikiishiwa, hata wenzake wakiwa na nguvu, kompyuta ya betri inalazimika kuwazuia wote, isije ile moja ikaharibika zaidi au ikahatarisha waliomo. Kobe alikuwa anafanya kazi yake barabara.

Betri ya Leaf ile ina moduli 48, yaani vifurushi vya seli, kila kimoja na jozi mbili. Jozi ya 67 na ya 68 zinakaa moduli ya 34. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa inatakiwa. Nilimpigia simu fundi mmoja wa Nairobi ambaye hununua Leaf zilizopata ajali na kuuza betri zake kwa watu wa sola; akanipimia moduli tatu na kunitumia ile iliyokaribiana uwezo na betri yetu.

Kazi ya kufungua tuliifanya Jumapili, lango limefungwa. Hapa sikubali haraka ya mtu yeyote. Kwanza unatoa betri ndogo. Kisha, chini ya zulia mbele ya kiti cha nyuma, kuna plagi ya kukatia umeme mkubwa. Unaivuta ukiwa umevaa glavu za volti 1,000, unaiweka mfukoni mwako mwenyewe, asije mtu akairudisha kwa wema. Halafu unangoja dakika 10 umeme uliobaki kwenye vikondensa, vile vifaa vinavyotunza umeme, uishe. Kijana wangu alitaka kuanza kufungua nati. Nilimketisha. Tulingoja kumi na tano, kimya, tunazitazama nyaya za rangi ya chungwa. Nilimweleza kwamba plagi ile inaikata betri nusu kwa nusu tu. Ndani, kila nusu bado ina umeme wa kuua mtu, na hakuna swichi duniani inayoweza kuuzima.

Pakiti, yaani betri kubwa nzima, ina uzito wa karibu kilo 300. Tuliishusha kwa meza ya jeki niliyoazima. Mfuniko wake umefungwa kwa nati pembeni kote na kubandikwa gundi ngumu, na kuikata gundi ile kwa kisu chembamba bila kukwaruza kilichomo kulitula asubuhi nzima. Ndani, moduli za fedha, bapa kama mikebe ya dagaa iliyokandamizwa, nyingine zimelala kwa mafungu, nyingine zimesimama kama vitabu rafuni. Tukafunika kila kitu kwa mpira, tukaacha wazi sehemu ya kiganja tu. Moduli ya 34 ilikuwa imevimba kidogo tumboni. Baada ya kuitoa, niliiwashia balbu mbili za taa za gari, na moduli iliyokuja kutoka Nairobi nayo mbili za aina ileile. Baada ya dakika arobaini balbu za ile ya zamani zilikuwa zimefifia rangi ya chai. Nilimwita mzee, aliyekuwa ameketi nje na thermosi ya kahawa tangu asubuhi, aje aone kwa macho yake.

Alisimama hapo muda mrefu. "Kwa hii tu," alisema, "walitaka kunitupia zote."

Moduli mpya niliilinganisha na wenzake kwanza, volti kwa volti, mpaka tofauti ikabaki milivolti chache, ndipo nikaifunga kwa spana ya kupimia nguvu. Ubongo wa betri sikuugusa. Ukiweka wa gari jingine, Leaf inamkataa mgeni, inaandika msimbo P3102, mpaka umtambulishe upya kwa programu. Gundi mpya, nati zote, plagi, betri ndogo. Nikafuta ule msimbo mmoja.

Jumatano yake dada alinipigia. Alikuwa Likoni, amemaliza zamu ya mtu mwingine, hajalichaji gari tangu jana kwa makusudi. Nikavuka nikamfuata, tukarudi naye kisiwani kwenye feri ya saa moja usiku. Asilimia 29. Kiyoyozi aliacha kikifanya kazi. Lango la chuma lilipogusa ardhi, walio mbele wakaanza kupanda, naye akafuata. Nilikuwa na simu mkononi lakini macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi, mahali ambapo kobe hukaa. Tulipanda mpaka juu bila kusita, tukapita waliko wauza mihogo, akaegesha chini ya taa. Alitoa kile kijidaftari cha bluu, akafungua nyuma, akaandika tarehe, saa, feri, 29. Kwenye safu ya mwisho akachora mstari.