Treni Zangu Hupita Kwenye Kompyuta Kwanza

Reli ninayoijenga juu ya meza nyumbani kwangu, hapa Dodoma, ni ya kipimo cha HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Upana wake wa milimita 16.5 unalingana na milimita 1,435 za SGR, iliyoanza kuleta abiria kwetu mwaka 2024. Hata hivyo, moyo wangu uko kwenye reli ya kati ya zamani, ambako treni hupishana stesheni, na kwa sababu hiyo nimejenga njia moja yenye stesheni mbili za kupishana, nilizozipa majina ya Kikombo na Bahi.

Kwenye njia moja, ruhusa moja iliyokosewa inatosha kugonganisha vichwa viwili vya treni, na kichwa chenye dikoda, yaani chipu inayopokea amri na kuendesha mota, huwezi kukifuata sokoni Majengo, huagizwa nje. Kwa hiyo sikuthubutu kupeleka umeme kwenye reli kabla ya kujaribu kila kitu kwa JMRI, programu ya bure ambayo ina uwezo wa kuiga mtambo wa DCC, yaani wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali zinazopita relini, hata kama hakuna waya uliochomekwa. Nilichora njia kwenye PanelPro, sehemu ya JMRI ya kuchora reli, nikaweka pointi za kubadilisha njia, vihisio vya kutambua treni na taa za ishara, kisha nikaandika masharti ya taa kugeuka kijani. Ukibofya kihisio kwa kipanya, programu huamini kwamba treni imefika hapo.

Jioni moja nilikuwa nikibofya, mpwa wangu ameketi kando.

“Mjomba,” akasema, “mbona huku kijani na kule nako kijani?”

Alikuwa ameona kosa la kweli. Sharti langu liliuliza tu kama kipande cha kati kina treni; kikiwa kitupu, na treni zikisubiri Kikombo na Bahi kwa pamoja, zote mbili ziliruhusiwa kuingia. Kuongeza sharti kwamba upande wa pili uwe mwekundu hakukutosha, kwa kuwa pande zote mbili huanza zikiwa nyekundu. Dawa ilikuwa kihisio cha ndani, kisicho na kifaa chochote mezani, ambacho hukumbuka ni upande gani uliopewa njia, na hakiachii mpaka treni nzima, hadi behewa la mwisho, iwe imetoka. Nilirudia jaribio hilo mara nyingi sana, kwa kila mpangilio niliouwaza, na kijani hakikutokea tena pande mbili.

Ndipo nikawasha reli. DecoderPro, sehemu nyingine ya JMRI, ilinisaidia kurekebisha dikoda yenyewe: nilipandisha CV3, mpangilio wa dikoda unaoamua treni ichukue muda gani kushika mwendo, kwa kuwa treni ya mizigo inayochomoka kama bodaboda inaniudhi kwelikweli. Mpwa wangu alishika simu, ambayo nayo JMRI huigeuza kuwa usukani, akaisubiri ishara ya Kikombo. Ilipogeuka kijani, mabehewa manne yalianza kusogea taratibu kuelekea Bahi, ambako taa ilibaki nyekundu.