Milulu darasani: ikauke kwanza

Walimu wenzetu wa shule zilizojengwa kwa nguvu za wananchi hapa Iringa, somo la Sanaa na Michezo la mtaala ulioanza 2024 limetupa nafasi ya kumwita bibi msusi wa Kihehe afundishe watoto wetu kusuka vikapu vya milulu, yaani nyasi ndefu za kusukia. Tuitumie.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni milulu mibichi. Ikisukwa kabla haijakauka, inasinyaa ikiwa ndani ya kikapu, na baadaye unaona mwanga unapenya katikati ya mistari. Ianikwe juani hadi ukijani uishe, hata kwenye shina. Siku ya kusuka ilowesheni kidogo tu, muifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Ikiwa mikavu mno inakatika penye mkunjo. Ikilowa sana inaota ukungu.

Watoto waanze na kitako: mlulu mmoja upite mbele, mwingine nyuma, ipishane. Mtoto akivuta zaidi upande mmoja, kitako kinabinuka. Fumueni mzunguko uleule, msisubiri. Ambaye kitako chake hakijalala sawa mezani asipandishe ukuta, hata akilia.

Na posho ya bibi kamati ya shule iiweke kwenye bajeti tangu Januari.