Mjomba na meli ya 1843

Nimempeleka mjomba kuiona SS Great Britain hapa Bristol. Yeye ni baharia mstaafu, maisha yake yote chumba cha injini, kwa hiyo ukumbi wa abiria matajiri haukumshughulisha hata kidogo. Alishuka moja kwa moja kwenye chelezo, gati kavu ilimoegeshwa meli, akaikagua rafadha inayoisukuma meli, na mapanga yake sita, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

Meli hii ya chuma ilivuka kutoka Liverpool hadi New York mwaka 1845 kwa siku 14. Lakini mjomba alinogewa zaidi na kisa cha Aprili 1838, cha meli mbili za mvuke zilizovuka Atlantiki. Sirius, meli ndogo, ilitoka Cork siku nne kabla ya Great Western, iliyo kubwa zaidi, kung'oa nanga, ikafika New York ikiitangulia kwa siku moja tu, makaa yakiwa karibu kuiishia. Great Western ilibakiwa na tani 200 hivi!

"Brunel alijua hesabu," mjomba akasema, akimtaja mhandisi aliyebuni Great Western na Great Britain. "Ukiikuza meli, nafasi ya makaa inaongezeka kuliko ukinzani wa maji."

Enzi zake ilikuwa dizeli, ila joto ni lile lile. Anasema ukitoka zamu chumvi ya jasho imeshakauka shingoni, na ukipanda juu hujui kama utakuta jua au nyota.

Vitanda vya abiria vyembamba mno, nikalalamika. Mjomba akacheka: "Wewe taka kipana, bahari ichafuke, uone utakavyobingirika usiku kucha."