Gitaa la mninga: rangi kwenye weupe tu

Bodi imemaliza msasa, sasa ni zamu ya rangi. Kwa aliyechelewa: ni gitaa la umeme, bodi ya mninga vipande viwili vilivyogundishwa katikati, unene milimita 40 hivi. Nimeifanya nyembamba makusudi, maana mninga ni mzito kuliko alda, ile mbao ambayo kampuni ya Fender wameitumia sana kwenye gitaa lao la Stratocaster tangu 1956, na gitaa unalining'iniza begani, huliweki mezani.

Shida ni moja. Kipande cha kushoto kina ukanda mweupe pembeni, upana wa vidole viwili, ile sehemu ya nje ya gogo. Kiini chenyewe ni kahawia chenye wekundu na michirizi, halafu ghafla panakuja rangi ya ugali wa muhogo.

Fundi makabati wa hapa Chikongola aliyeniazima meza yake alishaamua. "Mdogo wangu, piga rangi ya mahogani yote, nani ataona?" Namheshimu fundi, ila hapo hatukubaliani. Mninga tunaununua kwa bei ile kwa sababu ya sura yake. Ukienda kuufukia chini ya rangi nzito si bora ungenunua paini ukabaki na chenji? Njia nyingine ni ile ya viwandani, rangi nzito ukingoni inayofifia kuelekea katikati, kama kampuni ya Gibson walivyolipaka gitaa lao la Les Paul mwaka 1958. Inapendeza, lakini weupe wangu uko upande mmoja tu. Nitafunika bodi nzima kwa ajili ya ukanda mmoja?

Kwa hiyo nimepaka weupe peke yake. Kwanza niliifuta bodi yote kwa kitambaa chenye maji, nyuzi za mbao zikasimama, ikakauka, nikapitisha tena msasa namba 220 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Kwenye vichwa vya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, nilikwenda hadi 320, kwa sababu pananyonya rangi kuliko usoni na huwa panatoka peusi. Kisha nikafuta kwa spiriti kutafuta mabaki ya gundi: palipo na gundi hapalowi sawa na penzake, na rangi haitashika hapo.

Rangi yenyewe ni ya unga, nyekundu na kahawia, nimeiyeyusha kwenye spiriti ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Unapaka kwa kitambaa kufuata nyuzi, unaacha ikauke, unarudia. Hapa ndipo kazi ilipo: usiihukumu ikiwa kavu. Ikikauka inapauka, unadhani haitoshi, unaongeza, halafu siku ya laka, ule mpako wa juu unaong'aa, ukanda unakuwa mweusi kuliko kiini. Mimi nalowesha kiini cha jirani kwa spiriti, nalinganisha vyote vikiwa vimelowa, maana laka itaonyesha mbao kama iliyolowa. Mpakani natumia kitambaa kilichokamuliwa hadi kikaribie kukauka, nagusa na kuondoka. Ukiangalia kwa karibu bado unaona weupe ulianzia wapi, ukiwa hatua mbili huoni. Naridhika.

Rafiki mmoja alishauri nipake mafuta ya maganda ya korosho, eti tuko Mtwara. Ni kweli viwandani yanaingia kwenye rangi na vanishi, lakini yakiwa mabichi yanaunguza ngozi, muulize yeyote anayebangua kwa mkono. Na mkono wa mpigaji unalala juu ya bodi. Hapana, asante.

Laka nimepulizia kwa kompresa ya fundi rangi za magari. Yeye alitaka tutumie klia ya magari, ule mpako wa juu usio na rangi, yenye hadna, dawa ya kuigandisha, ngumu na inang'aa. Sikutaka. Hadna hiyo ina isosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na kitambaa cha puani hakizuii kitu. Tena laka ya kawaida, kila mkono, yaani kila tabaka, unayeyuka kidogo na kushikana na ule wa chini, hata gitaa likikwaruzwa baadaye unaziba bila alama.

Ila laka na hewa ya mwambao msimu huu wa mvua haviivani. Tina, ile inayochanganywa na laka kuifanya nyepesi, inapokimbia inapoza uso wa bodi, unyevu wa hewani unatua juu yake, unapata ukungu mweupe ndani ya laka. Ndiyo maana tulipulizia kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, jua likiwa limeshakausha hewa, mikono myembamba, kwa tina inayokauka taratibu. Kipande cha majaribio tulichopulizia jioni kilitoka na ukungu, bodi imetoka safi.

Sasa inaning'inia kwa waya uliopita kwenye tundu la skrubu ya shingo. Mfuko wa shingo, pale shingo inapokaa kwenye bodi, nimeuziba kwa tepu ya karatasi, sitaki laka humo, shingo ikae mbao kwa mbao. Ubao wa vidole ni mpingo, huo hauhitaji rangi wala laka. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi za gitaa, bado ziko njiani kutoka Dar.

Harufu ya tina ikiisha kabisa nikiweka pua karibu, naingia msasa wa maji, 800 hadi 2000, halafu kompaundi ya kung'arishia. Kabla ya hapo matundu yote ya skrubu nitayaziba kwa nta, maana maji yakiingia humo mbao inavimba na laka inapasuka kuzunguka tundu.