Kuuza Mai

Mwaka wa 2018, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana kisiwani Lamu, wanafunzi saba tuliamua kutengeneza jarida la uongozi wa wanawake. Wazo lilitokana na somo la historia na serikali. Mwalimu alikuwa akitueleza kwamba Katiba ya 2010 inakataza zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kuwa wa jinsia moja, na kwamba tangu uchaguzi wa 2013 kila moja ya kaunti 47 za Kenya humchagua mwanamke wa kuiwakilisha Bungeni. Msichana aliyeketi nyuma yangu akainua mkono na kuuliza kama kabla ya hapo Lamu haikuwa na wanawake waliowaongoza watu. Mwalimu alimjibu kwamba walikuwapo, ila hawakuandikwa, kisha kengele ikalia. Jibu hilo lilitufuata hadi bwenini na hatukuweza kulala nalo.

Tulitoka pande mbalimbali. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na wenzangu walitoka Mkomani, Matondoni, Faza, Witu na Mpeketoni, pamoja na mmoja wa Malindi ambaye baba yake alikuwa amehamishiwa kwetu kikazi. Nilichaguliwa kuwa mhariri kwa sababu insha zangu za Kiswahili zilikuwa zikisomwa darasani, nami nikaupokea wadhifa huo kwa fahari kubwa kuliko nilivyostahili. Mwenzetu wa Mpeketoni alipewa kazi ya kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa kwa simu na kuyaandika, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi na subira ya kurudia sauti moja mara kumi. Hakuna aliyewaza kwamba kazi hiyo ilihitaji pia sikio la mwenyeji.

Makala ya kwanza kukamilika ilikuwa ya mwenzetu wa Malindi. Alikuwa amekua akipita kila siku karibu na bustani yenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, na aliandika jinsi mama huyo alivyowaamsha Wagiriama mwaka wa 1913 wasikubali kutozwa kodi na kuchukuliwa vijana wao kazini, jinsi alivyokamatwa na kupelekwa magharibi mwa Kenya, na jinsi alivyotoroka akarudi pwani kwa miguu. Mimi nilichagua kisiwa jirani cha Pate. Jumamosi tatu mfululizo nilikwenda Makumbusho ya Lamu kuitazama siwa ya pembe ya ndovu, baragumu la sherehe za kifalme, ambayo masimulizi ya Pate husema iliagizwa na Mwana Darini aliponyimwa ile ya zamani siku za tohara ya mwanawe. Nikamwandika yeye, na nikamwandika Mwana Khadija aliyeitawala Pate katika karne ya 18, kurasa mbili nzima. Nilizipenda kurasa hizo kama mtu anavyoipenda nguo yake ya Idi.

Hata hivyo, makala tuliyoitegemea zaidi ilikuwa ya mtu aliye hai. Mtaani kwetu palikuwa na bibi mmoja, mwalimu wa chuo, ambaye wanawake wa rika la mama yangu karibu wote walikuwa wamesomea Kurani ukumbini mwake. Watu walimwita Bi tu, na anayesikia alijua ni nani. Mama alikuwa amenisimulia kwamba kabla mimi sijazaliwa, visima vya mtaa vilipogeuka chumvi na mifereji ikakauka kwa majuma kadhaa, Bi aliwatoa wanawake majumbani baada ya sala ya alasiri, kila mmoja na ndoo tupu mkononi, wakaenda kuketi mbele ya ofisi moja hadi mkubwa wa ofisi alipotoka kuwasikiliza.

Tulikwenda kwake wanne, mwezi wa Juni, wakati kusi limeshika kasi. Alituketisha barazani kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa watoto waliokuwa wakisoma, na upepo ulikuwa ukipiga kona ya kichochoro kwa namna ambayo hatukuijali siku ile. Tulimwamkia, akaitika, akatupa kahawa na kaimati, kisha akasimulia kwa muda wa saa nzima bila kuulizwa zaidi ya maswali matatu. Alitueleza jambo ambalo sikuwahi kulisoma katika kitabu chochote cha shule: kwamba maji matamu ya Lamu yanatoka kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, ambako mvua hunywewa na mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake, na kwamba anayeteka kupita kiasi huivuta chumvi ipande. Alilijua hilo tangu utotoni kwa baba yake aliyekuwa mchimba visima, na ndilo alilomwambia mkubwa wa ofisi. Hakumlilia wala hakumtukana. Alimweleza kisima ni kitu gani, akamwambia kwamba wanawake wale hawatarudi majumbani mpaka wapewe siku ya mifereji kufunguliwa.

Juma moja baadaye mwenzetu wa Mpeketoni alinikabidhi maandishi, kurasa sita za mkono ulionyooka. Nilikaa nayo usiku mmoja. Nilibadili kila neno la Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, likawa la Kiswahili sanifu: muyi ukawa mji, mtanga ukawa mchanga, mato yakawa macho, mai yakawa maji. Niliona ninamheshimu Bi kwa kumvika lugha ya vitabuni. Katikati ya ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi iliyosema, "Twalikwenda kuuza mai," ikifuatwa na nukta nyingi, kwa kuwa upepo ulikuwa umeyameza maneno yaliyofuata. Nikaandika, "Tulikwenda kuuza maji." Kichwa cha makala tulikitunga wote kwa furaha: Muuza Maji Aliyegeuka Kiongozi. Kilituvutia kwa sababu kilikuwa na safari ndani yake, mtu anayeanzia chini na kupanda.

Mimi ni Mwamu. Nimelelewa na nyanya ambaye hata leo akitaka kukuuliza jambo husema anakuuza. Katika Kiamu, kama katika tenzi za kale, kuuza pia ni kuuliza, na mtoto wa Langoni hahitaji kamusi kwa neno hilo. Lakini usiku ule sikusoma kama mtoto wa Langoni. Nilisoma kama mhariri, na simu yenye sauti ya Bi ilikuwa juu ya meza, hatua mbili kutoka nilipoketi, wala sikuigusa.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila aliyehojiwa asomewe makala yake kabla haijapelekwa kupigwa chapa, na namshukuru hadi leo mwenzetu wa Witu aliyelisisitiza sharti hilo wakati mimi nikiliona la kupoteza muda. Tulirudi kwa Bi, nikasoma mimi mwenyewe, kwa sauti ya kujiamini. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika pale, akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Mwanangu, hebu rudia."

Nikarudia. Akanyamaza kwa muda ambao niliuhisi mrefu mno. "Mimi sikuuza mai," akasema. "Mai hayauzwi na jirani. Mimi nalikwenda kuuza. Kuuza mai yetu yako wapi."

Hakupandisha sauti. Aliendelea kutumiminia kahawa. Lakini wanawake wawili waliokuwa ndani walitoka kutazama, na mmoja wao akasema kwamba ile miezi ya dhiki kulikuwa na watu waliouza maji kwa bei ya kukata roho, na kwamba Bi alikuwa akiwafuata mlangoni kuwakanya. Ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa letu. Tulikuwa karibu kulipiga chapa, nakala 200, neno la kumweka upande uleule alioupinga.

Njiani kurudi shuleni mwenzetu wa Mpeketoni alilia. Nyumbani kwao wanazungumza Kikikuyu, na Kiswahili alichojifunza shuleni hakina kuuza kwa maana nyingine. Wawili kati yetu walianza kumlaumu, tena kwa maneno makali, na wakati huo mimi nilikuwa nimenyamaza. Nakumbuka ukimya huo vizuri kuliko maneno yao. Tulipofika mbele ya ngome, pale Mkunguni, yeye mwenyewe alisimama, akafuta uso kwa buibui, akaniambia, "Mimi sikulijua neno. Wewe unalijua." Nikakiri mbele ya wote kwamba ni kweli, na kwamba rekodi sikuisikiliza.

Mkutano wa usiku ule ulikuwa mrefu kuliko yote. Mwenzetu wa Mpeketoni alitaka, na hilo ndilo lililonishangaza, mahojiano yachapishwe kwa Kiamu chenyewe, jinsi Bi alivyosema, pamoja na maelezo ya maneno pembeni kwa ajili ya wasomaji wa kwao Mpeketoni na wa mji wa Hindi. Alisema kwamba asiyejua neno apewe maana yake, lakini mwenye neno asinyang'anywe. Wa Faza alimuunga mkono papo hapo, kwa kuwa yeye kila mwaka alikuwa akikatwa alama za insha kwa Kitikuu, lahaja ya kwao, kilichomtoka bila kukusudia.

Mwalimu mlezi hakukubali upesi. Alihofia kwamba wanafunzi wangekiiga Kiamu katika mtihani wa taifa, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi, kwani alama zilizopotea ni za mtoto wala si za mwalimu. Tulimjibu kwa historia aliyotufundisha yeye mwenyewe: kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi mwaka wa 1930, ilhali Mwana Kupona binti Msham alikuwa amekwisha kumuusia binti yake kwa utendi wa Kiamu mwaka wa 1858. Jarida la wanawake wa Lamu likikataa lugha aliyousia mama yule, tukauliza, litazungumza kwa ulimi wa nani? Alitafakari siku mbili, kisha akaruhusu, kwa sharti kwamba kurasa nyingine zote ziwe sanifu bila dosari.

Likabaki suala la kurasa. Jarida la kukunjwa na kupigwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, maana kila karatasi moja inayokunjwa hutoa kurasa nne. Tulikuwa na 28. Kiamu cha Bi pamoja na maelezo yake kilihitaji kurasa mbili zaidi, nazo 30 hazikunjiki. Ama tungefika 32, na fedha tulizopata kwa kuuza mahamri na matangazo ya maduka ya Langoni hazikutosha, ama kurasa mbili zitoke. Walipiga kura. Zikatoka zangu, siwa na Mwana Khadija na Jumamosi zangu tatu, kwa kura tano dhidi ya moja. Ya saba ilikuwa yangu, nami sikuipiga. Mwana Darini alipata aya moja katika dibaji. Nilinuna siku mbili, na hadi leo naamini makala ile ilikuwa nzuri, ila siamini kwamba wenzangu walikosea.

Majarida yalifika mwishoni mwa Julai, kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha kwa mashua, katika katoni mbili zilizofungwa kwa nailoni zisilowe. Jioni hiyohiyo tulikwenda kwa Bi wote saba. Safari hii aliyesoma alikuwa mwenzetu wa Mpeketoni, na Kiamu kilimtoka kwa taabu lakini kwa usahihi, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwa kuisikiliza rekodi usiku kwa usiku. Watoto wa chuo walicheka mara moja, Bi akawatazama, wakanyamaza. Msomaji alipofika mahali Bi anapoeleza kwamba mkubwa wa ofisi hakuweza kuwatazama wanawake wale machoni, Bi akatikisa kichwa.

"Matoni," akasema.

Tukainamia ukurasa sote. Maandishi tuliyoyapeleka duka la kompyuta yalisema matoni, na kijana aliyeyapanga, kwa nia njema kama yangu ya awali, alikuwa amelisahihisha likawa machoni. Bi alisema si kitu, neno moja tu, jarida ni zuri na Mungu atubariki.

Mwenzetu wa Mpeketoni alifunga nakala yake, akafungua mkoba, akatoa kalamu ya wino mweusi. Akauliza kama kuna mwenye nyingine. Bi akaagiza taa iletwe na mkeka utandikwe ukumbini, tukaketi kwa duara, katoni katikati, tukaanza na nakala ya kwanza.